Chupa Moja na Damu Inayokumbuka

Wanangu mnaobaki chumba cha chanjo, mwezi uliopita mliniaga kwa keki na soda, mkasema maneno mazuri ambayo hamkuwahi kuyasema nikiwa zamu. Nimewasamehe. Nilipopewa nafasi ya kuongea niliimaliza kwa kuwashukuru viongozi, kama ilivyo ada, na niliyotaka kuwaambia hasa nikarudi nayo nyumbani. Sasa nimekaa hapa Lizaboni, mahindi yameanikwa uani, kuku wa jirani wanayaangalia kwa jicho baya, na mimi nina muda. Nitayaandika.

Naanza na swali, maana litawafikia tu. Una chupa moja ya BCG, ile chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto akizaliwa. Chupa ina dozi ishirini. Ukishaichanganya na maji yake, muda wa saa sita ukipita unaimwaga, hata kama umechoma mtoto mmoja tu. Mbele yako yupo mama na kichanga chake, na hakuna mwingine kwenye benchi. Unafungua au hufungui? Mimi swali hilo lilinijia upande wa Mpitimbi, likiwa na uso wa Anjelina, mama aliyekuwa ameshazika watoto wawili na kumshika wa tatu. Nitafika huko. Ila hamtaelewa kwa nini nilihangaika vile kwa tone la dawa, msipojua kwanza nilivyojifunza kulistaajabia tone lenyewe.

Nilipangiwa kazi kwenye zahanati moja upande wa Tunduru nikiwa msichana mbichi. Basi lilikwama kwenye tope tukalala njiani, na viatu vyeupe nilivyonunuliwa na baba kwa ajili ya siku ya kwanza vikafika vikiwa vyekundu. Aliyenipokea alikuwa Mama Leokadia, muuguzi wa chanjo, Mmatengo mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Unajua kuwasha friji?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Friji letu liliendeshwa kwa mafuta ya taa, lina tangi chini na utambi kama wa jiko la mchina, na moto wake ndio unaoleta baridi. Mpaka leo sijaelewa vizuri moto unaletaje baridi, lakini nililihudumia friji lile kwa adabu zote. Moto ukiwa wa bluu, chanjo ni salama. Ukiwa wa njano, kuna masizi, na friji linaanza kupata joto. Kila asubuhi Mama Leokadia alipiga magoti kuchungulia moto kabla hajasalimiana na mtu. "Ukiona njano usinisalimie," aliniambia. "Kata utambi kwanza, salamu haziozi."

Hakunipa mtoto wa kumchoma. Alinipa machungwa. BCG haichomwi kwenye nyama kama sindano nyingine. Inaingizwa ndani ya ngozi yenyewe, juu juu, na ngozi ya kichanga ni nyembamba kuliko mnavyofikiri hadi mtakapoishika. Nikachoma machungwa kwa maji safi mpaka vidole vikafa ganzi, naye akiyapapasa moja moja kama mnunuzi sokoni. Yaliyofaulu na yaliyofeli yote tuliyala. Siku aliyoniachia mtoto, nikaingiza sindano imelala, tundu likitazama juu, nikasukuma taratibu, na pale begani pakainuka kalengelenge keupe kenye vitundu vitundu. Mtoto alilia. Nami nililia, nikajifanya nina mafua.

Baadaye kalengelenge kale hupotea. Wiki kadhaa zikipita, mahali palepale panavimba, panatunga usaha kidogo, panapasuka, kisha panafunga kovu. Hiyo ndiyo kazi ya chanjo, wala si ugonjwa. Sasa mwambie bibi wa kijijini kwamba kidonda kinachotoa usaha kwenye bega la mjukuu wake ni habari njema. Kule Tunduru bibi mmoja alikiosha kwa maji ya chumvi, akakipaka majani ya kusaga, akakifunga kitambaa, kisha akaja kutugombeza kwamba tumemtia mjukuu wake jipu la serikali. Mama Leokadia akamsikiliza mpaka mwisho. Akamfungulia kanga yake mwenyewe begani, akamwonyesha kovu lake. "Mama, mwache mtoto na kidonda chake. Kinamfundisha." Bibi akauliza kinamfundisha nini. "Kupigana," akajibiwa.

Mama Leokadia alikuwa na desturi nyingine iliyoniudhi. Mtoto yeyote aliyeletwa akiwa hoi, awe anaharisha au ana homa, yeye alifunua bega kwanza. Akiona kovu alisema, "Huyu atapambana." Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na kichwa kikubwa. Nikamwambia kwamba BCG ni ya kifua kikuu, haihusiani na kuharisha. Akaniuliza kama ndivyo kitabu kinavyosema. Nikasema ndivyo. "Basi tufuate kitabu," akasema, akaendelea kufunua mabega. Nilipombana sana alikiri hana ushahidi wowote, ni mazoea tu ya macho. Kitabu changu kilisema mwili una walinzi wa aina mbili. Wa kwanza ni wale unaozaliwa nao, wanaokimbilia mlangoni kila adui akiingia, wanamtafuna yeyote bila kumuuliza jina, na vita vikiisha wanasahau kila kitu. Wa pili ni wasomi, wanaochelewa kufika lakini wakishamjua adui hawamsahau, na hao ndio chanjo inaowalenga. Nilikikariri hivyo kitabu, nikafaulu mtihani kwa majibu hayo.

Nikarudishwa Songea, nikaolewa, nikazaa, nikazeeka. Miaka ya katikati siwaelezei, maana ilikuwa friji, mizani, foleni na kelele. Friji la mafuta likaondoka likaja la umeme, umeme ukawa unakatika likaja la jua. Sindano za kuchemsha zikaondoka zikaja za kutumia mara moja na kutupa, nami namshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa mambo mengi. Baridi ya Juni haikubadilika. Nyie mnaolalamika kushika barafu za kisanduku asubuhi hapa Songea, jueni kwamba wenzenu walizishika kabla yenu na vidole vyao bado vipo.

Kisha ikaja ile semina. Mnaijua aina ya semina: chai na vitumbua, mtu wa mbali na projekta isiyowaka. Safari hii mtu wa mbali alikuwa Dokta Salma, binti wa Kitanga mwenye hijabu ya kijani, aliyeletwa mkoani kwetu na ajira. Alimpa kila mwenye mvi shikamoo yake kabla hajaanza. Projekta ilipokataa akachukua chaki. Nikampenda papo hapo.

Akachora duara, akaliita seli nyeupe ya damu, mmoja wa wale walinzi wa mlangoni. "Mama zangu," akasema, "hawa tuliambiwa hawana kumbukumbu. Sisi wote tulifundishwa hivyo, na mimi pia. Sasa inaonekana wanayo." Akaeleza kwamba mtoto akichomwa BCG, walinzi hawa hupambana na vijidudu vya chanjo, na vita vikiisha hawarudi kuwa kama zamani. Wanabaki macho. Akija adui mwingine, hata asiye na undugu wowote na kifua kikuu, wanamrukia upesi zaidi na kwa nguvu zaidi. Si kwamba wanamjua huyo mpya. Wamejifunza tu namna ya kuamka.

Ukumbi ulikuwa na minong'ono ya watu wa chai, lakini mimi nilishusha kalamu. Nikanyoosha mkono. "Dokta, hizo seli za mlangoni zinaishi muda gani?"

"Kidogo sana, mama. Nyingi ni siku chache tu."

"Sasa kama zinakufa baada ya siku chache, na mtoto anabaki na hiyo kinga miezi, ni nani anayekumbuka?"

Akatabasamu kwa namna ya mwalimu aliyeulizwa swali alilolisubiri. Akachora mfupa, akapaka chaki katikati yake. "Uboho," akasema. "Huku ndani ya mfupa ndiko walinzi wanakozaliwa kila siku. Habari za vita zinafika mpaka huku. Seli mama zinabadilika kidogo, na wanaozaliwa baada ya hapo wanazaliwa wakiwa wameshaamka. Vita hawakuviona, wanaletewa utayari wake tu."

Mmoja wetu akauliza habari hizo zinaandikwa wapi. Dokta Salma akafikiri, akatazama vazi la mwenzetu Mama Kandida. "Mama ana kanga ngapi sandukuni?" Kandida akasema hata yeye hajui. "Maelekezo ya mwili ni kama kanga za mama Kandida. Ziko zote, hakuna inayoongezwa wala kupunguzwa. Lakini nyingine zimekunjwa chini kabisa, kuzitoa ni shughuli. Ukipata msiba unatoa ile ya msibani, na ukiirudisha huikunji tena chini. Unaiacha juu. Msiba mwingine ukitokea, unanyoosha mkono tu. Seli iliyopigana inaacha kanga zake za vita juu ya sanduku."

Wanangu, nilikuwa nimechoma watoto wengi kiasi kwamba wengine walikuwa wanaleta watoto wao. Miaka yote ile nilidhani nafanya kazi ndogo inayojulikana mwisho wake: sindano, kidonda, kovu, kifua kikuu basi. Kumbe tone lile dogo, unga unaokaa chini ya chupa haba kuliko chumvi ya kuonjea, lilikuwa linashuka begani likaingia mpaka ndani ya mifupa ya mtoto na kuacha neno huko. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa anapeleka barua nyumba kwa nyumba maisha yake yote bila kujua kwamba barua zile zilikuwa zinasomwa. Niliona hofu, ile hofu njema ya kuingia kanisani peke yako. Jumapili iliyofuata sikusikia mahubiri. Nilikuwa naangalia mabega ya watu.

Dokta Salma hakutuacha turuke. Alirudia kwamba hii si ahadi. Kumbukumbu ya walinzi hawa hufifia. Ni ya miezi, pengine mwaka au zaidi. Wataalamu bado wanabishana, na si kila mahali imeonekana vilevile. Lakini akasema faida hiyo, pale ilipoonekana, ilikuwa kubwa kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo, na ilikuwa ya mapema, wiki zile za kwanza ambazo kichanga hana kitu kingine cha kumlinda. "Kwa hiyo mama zangu, mtoto mdogo aliyetulia na ananyonya, msimcheleweshe." Nilimpigia Mama Leokadia simu. Alikuwa amestaafu kitambo, anaishi Mbinga na sukari yake na kahawa yake. Nikamweleza yote. Akasema, "Mimi nilikuwa nabahatisha tu, mwanangu. Kumbe mifupa." Akarudia neno hilo mara mbili, mifupa, kwa sauti ya mtu anayesali. Hatukucheka.

Sasa nifike kwa Anjelina. Kabla sijahamishiwa kwenu nilikuwa kwenye zahanati upande wa Mpitimbi. Mfawidhi wetu, yaani mkuu wa zahanati, alikuwa kijana wa Kihaya anaitwa Xavery, mtu wa haki na mwenye subira, ila chai anakunywa bila sukari na sikumwamini kwa hilo. Chanjo za watoto wachanga tulikuwa tunazitoa Alhamisi, ili wakutane wa kutosha chupa moja. Ndivyo zahanati nyingi ndogo zinavyofanya, na sababu yake mnaijua: chupa haifunguliwi kwa mtoto mmoja.

Anjelina alijifungua hapo kwetu mwisho wa wiki, kabla ya siku zake. Mtoto wa kike, mdogo, lakini ananyonya kwa bidii na joto lake linakaa vizuri akibebwa ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama. Mtoto wake wa kwanza alikufa hajamaliza mwezi, kwa homa. Wa pili alikufa kwa kifua kabla ya kuota jino. Huyu wa tatu hakumwangalia sana usoni. Alimbeba vizuri, alimnyonyesha vizuri, lakini macho aliyaweka ukutani. Nimeona akina mama wa namna hiyo. Wanaogopa kuzoea.

Jumatatu ndugu wa mumewe wakaja kumchukua. Ilikuwa wakati wa mavuno, na lori la kupeleka watu mashamba ya mbali lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi. Mumewe alishatangulia, ngedere walikuwa wanamaliza mahindi. Huko wangekaa kibandani mpaka mavuno yaishe, wiki kwa wiki, mbali na zahanati yoyote. Maana yake mtoto angepita bila chanjo kipindi kilekile kilichomchukua wa kwanza. Kwenye friji tulikuwa na chupa moja. Gari la kuleta nyingine lilikuwa limeharibika njiani na hakuna aliyejua litafika lini.

Nikaenda kwa Xavery. Alinisikiliza, akavua miwani. "Mama, nakuelewa. Lakini nikifungua leo kwa mmoja, Alhamisi nitawaambia nini wale wengine? Nao ni watoto."

Alikuwa sahihi, na ndiyo maana iliuma. Nilisimama pale mlangoni nikimtafuta wa kumlaumu, nikamkosa. Kisha nikasema jambo ambalo sikulipanga. "Na kama Alhamisi ikiletwa leo?"

Akaniangalia. "Watoto wa Alhamisi tunawajua," nikamwambia. "Wote wako hapa hapa kijijini na kitongoji cha jirani. Nikiwakusanya leo, tunafungua chupa kwa wote."

"Wachanga hawatolewi nje, mama. Unajua kuliko mimi."

Nilijua. Kwa wenyeji wa kule, mtoto ambaye kitovu hakijaanguka yuko ndani na bibi yake ndiye mlinzi. Mtu anayetoka njiani hamkaribii mpaka aketi kwanza, miguu ipoe, maana haijulikani umekanyaga nini na unamletea nini. Sijawahi kuidharau mila hiyo. Mara ngapi tunawaambia watu wanawe mikono kabla ya kumshika mtoto? Ila chupa ikishachanganywa haisubiri miguu ya mtu kupoa nyumba hadi nyumba. Na aliyekuwa na sauti kwa mabibi wote wa kijiji kile, aliyewaosha wajukuu wao siku ya kwanza, alikuwa Bibi Osmunda, mama mkwe wa Anjelina.

Nikamkuta uani kwake akifunga mizigo ya shamba, masufuria na blanketi. Nikatoa shikamoo, akaitika bila kuinua kichwa. Nikaomba niketi miguu ipoe. Hapo akaniangalia. Akanisogezea kigoda, akaendelea kufunga kamba. Nikasubiri mpaka aliponiuliza nimekuja na nini.

Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi. Walinzi wa mlangoni, vita vidogo vya begani, na habari zinavyofika mifupani. Alikuwa anafunga fundo lilelile muda wote.

"Unasema damu inakumbuka," akasema.

"Inakumbuka, bibi."

"Na hawa wawili tuliowazika. Wao damu yao ilisahau nini?"

Mnafundishwa ushauri nasaha, wanangu, lakini hakuna somo la swali hilo. Nilitafuta jibu la kitaalamu, nikaona aibu nalo. "Haikusahau, bibi," nikamwambia. "Haikupata muda wa kujifunza."

Akakaa chini juu ya mzigo wa blanketi. Mikono ikatulia. Kwa mara ya kwanza nikaona alivyochoka, kwamba na yeye alikuwa amewaosha wale wawili mara mbili, siku walipokuja na siku walipoondoka. "Na huyu akichomwa, atapona kila kitu?"

"Siwezi kukuahidi. Nikikuahidi nitakuwa mwongo."

"Sijakuomba ahadi," akasema. "Nimeuliza tu." Kisha akaongeza, "Wengine hawatatoa watoto. Mimi mwenyewe ndiye niliyewakataza."

"Huyu wako kesho anapanda lori," nikasema. "Amefunikwa, kifuani kwa bibi yake, hakuna wa njiani atakayemwona. Kama huyu anaweza kupanda lori, wale wanashindwaje kuvuka uwanja?"

Midomo yake ilichezacheza kidogo. "Nesi, una maneno wewe." Akainuka, akajitanda kanga. "Wataletwa na bibi zao, hapa kwangu, wamefunikwa. Wewe utaketi humu ndani kabla hawajafika, usitoke tena mpaka umalize. Ukitoka, unaanza upya."

Xavery aliposikia bibi amekubali, akaniruhusu nichukue chupa. Mimi na bibi tukazunguka pamoja kwanza, chupa ikiwa bado imefungwa kwenye barafu. Kila nyumba niliketi, kila nyumba nikapewa kitu: chai ya rangi, kiazi kitamu, togwa. Kukataa kulikuwa sawa na kukataliwa. Bibi Osmunda alisema na wenzake kwa Kingoni, haraka haraka, na mimi mama yangu ni Mngoni kwa hiyo nilisikia yote. Hakuwaeleza habari za seli. Aliwaambia, "Mimi wa kwangu anachomwa. Mnanijua." Ilitosha. Akina mama wa watoto wakubwa kidogo waliitwa kutoka kwenye mahindi, wakaja na mabua kwenye nywele.

Kisha nikaingia nyumbani kwake na tumbo langu lililojaa chai, nikaketi karibu na moto kama nilivyoagizwa. Wakaanza kuja, mabibi waliojitanda mpaka chini, kila mmoja na kafurushi kifuani. Walipojaa chumba, nikachanganya chupa. Nilikuwa nimefanya hivyo maelfu ya mara, lakini safari hii niliinua macho kwanza. Nikaona chumba kizima cha watu wadogo wasiojua hata jina la kijiji chao, na ndani ya mifupa yao michanga, uboho unaosubiri kuambiwa jambo. Nikaomba mwanga. Mtu akafungua dirisha dogo, nikageuka kuikinga chupa na jua, maana BCG haipendi jua, tukaanza.

Mtoto wa Anjelina niliacha awe wa mwisho, maana ngozi yake ilikuwa nyembamba mno na nilitaka mkono uwe umeshachangamka. Kalengelenge kakainuka. Anjelina aliacha kuangalia ukuta. Alikaangalia mpaka kakatulia. Dozi zilizobaki kwenye chupa hazikuwa nyingi, nikazimwaga kama sheria inavyotaka. Alhamisi alikuja mama mmoja na kichanga chake kutoka ng'ambo ya mto, ambaye hatukumjua. Alirudi mikono mitupu, akasubiri mpaka gari lilipofika. Sipendi asahaulike. Xavery alimsindikiza mwenyewe kwa bodaboda, akamwomba radhi.

Lori likaondoka. Mavuno yakawa marefu. Habari zikatufikia kwamba kule mashambani kikohozi kimepita vibandani, watoto wameugua, mmoja amezikwa. Niliuliza wa nani, na hakuna aliyejua. Nilifanya kazi wiki hiyo kama mtu anayetembea na kijiwe kwenye kiatu. Waliporudi, Bibi Osmunda alipita zahanati kabla ya kwenda kwake. Mtoto alikuwa mgongoni, amekohoa, amekonda, amepona. Begani kidonda kilikuwa kinatoa maji.

Ni chanjo? Sijui. Dokta Salma nilipomsimulia alisema naye hajui, na kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kujua. Kuna maziwa ya mama, kuna kifua cha bibi kilichomkinga na vumbi la lori, kuna Mungu, na kuna watoto waliochanjwa wakafa na wasiochanjwa wakaishi. Ninachojua ni kwamba wakati kikohozi kile kilipoingia kibandani, kulikuwa na walinzi wapya ndani ya mtoto yule, waliozaliwa wiki ileile, ambao hawakuwahi kuona vita na bado waliamka haraka. Sijawahi kuliona jambo hilo kwa macho na sitaliona. Nikilifikiria bado nywele zinanisimama.

Mvua za kupandia zilipoanza, siku ya kliniki ya kawaida, Anjelina alikuja peke yake na mtoto. Nilimpima uzito, nikamchoma alichostahili, nikasema tuonane mwezi ujao. Hakuondoka. Watu walikuwa wengi, nikamuuliza kama ana shida.

"Sina shida, nesi." Mtoto alikuwa amekaa mapajani mwake, anavuta kamba ya kitambulisho changu kwa nguvu za ajabu. Anjelina alikuwa anamtazama usoni. "Ila huyu sasa amepita pale wenzake walipoishia. Sijawahi kuwa na mtoto wa umri huu. Sijui anakula nini."

Foleni ilikuwa imefika nje. Nikamwita mwenzangu anishikie sindano, nikavuta benchi, nikaketi naye, tukaanza na uji.